Ufa, Unyevu na Saruji: Historia ya Nyumba Kongwe za Tarime na Serengeti katika Msamiati wa Ujenzi

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa methali za Kiswahili zinazotajwa sana majukwaani imo ile isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo imetumiwa kuhusu ndoa, malezi, uongozi na afya, hata maana yake ya kwanza, ile ya ukuta wenyewe, ikakaribia kusahauliwa. Lakini fundi anayesimama mbele ya ukuta wa tofali bichi huko Tarime mara baada ya masika ana swali ambalo methali hailijibu: ufa huu umeletwa na nini? Ukizibwa kabla ya swali hilo kujibiwa, utafunguka tena msimu ujao, na mwenye nyumba atajenga ukuta ingawa ufa aliuziba.

Mhadhara huu unachunguza historia ya nyumba kongwe katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa kufuata maneno ambayo wajenzi na wakazi wameyatumia kutaja sehemu za nyumba, maradhi yake na tiba zake. Hoja inayojengwa ni kwamba msamiati wa ujenzi ni kumbukumbu ya mbinu zilizopokewa kwa nyakati tofauti, na kwamba neno lililohama na kuacha maana yake ya awali nyuma laweza kumpotosha fundi sawasawa na kipimo kibovu. Ifahamike pia kwamba “nyumba kongwe” hapa si lazima iwe ya karne kadhaa. Kwa nyumba ya udongo, miaka 40 ni uzee, na nyumba nyingi zinazozungumziwa ni za umri huo au zaidi kidogo.

2.0 Mahali na maana ya nyumba

Tarime iko kaskazini kabisa mwa mkoa wa Mara, mpakani na Kenya. Sehemu yake ya juu ni nyanda zenye ubaridi na mvua nyingi; sehemu za chini, pamoja na eneo lililomegwa mwaka 2007 na kuwa wilaya ya Rorya, zina joto na mvua chache zaidi. Wakazi wengi wa nyanda za juu ni Wakuria, ambao wako pande zote mbili za mpaka. Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, ni nchi ya Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, pamoja na Wakuria waliohamia huko, na inapakana na hifadhi ya taifa yenye jina hilohilo.

Tofauti ya udongo ni muhimu kuliko tofauti ya mipaka ya utawala. Kwenye miinuko ya Tarime udongo mwekundu hukamata vizuri, na mawe ya msingi hayako mbali. Kwenye mabonde na mbuga kuna mfinyanzi mweusi ambao hufura unaponyonya maji na hunywea na kupasuka unapokauka. Nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja kwa vifaa vilevile, moja mlimani na nyingine mbugani, hazizeeki kwa namna moja.

Lugha za wenyeji hawa wa Serengeti na nyanda za juu za Tarime ni za Kibantu, na neno la nyumba lina asili moja na lile la Kiswahili. Hata hivyo, katika Kikuria “inyumba” si jengo tu. Ndani ya mji wa mume mwenye wake kadhaa, kila mke ana nyumba yake, na nyumba hiyo ni mama, watoto wake, mifugo waliyotengewa na haki ya kurithi. Desturi ijulikanayo sana kwa jina la “nyumba ntobhu,” ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate mrithi, haieleweki bila maana hiyo. Kwa hiyo, mtu anaposema kwamba nyumba ya fulani imeanguka, mwenyeji husikia mambo mawili kwa pamoja: kuta zimelala chini, au ukoo wa mama yule umekatika. Kutunza kuta kulikuwa sehemu ya kutunza ukoo.

3.0 Nyumba ya fito na udongo

Nyumba ya zamani ya eneo hili ilikuwa ya duara, yenye nguzo zilizosimikwa ardhini, fito zilizofungwa kwa kamba za miti, kuta zilizokandikwa kwa udongo, na paa la nyasi lenye umbo la pia. Kiswahili cha pwani kina maneno kamili ya ujenzi wa namna hii: kiambaza ni ukuta wa fito na udongo, kukandika ni kuupaka udongo huo, kutomelea ni kujaza mianya kwa vijiwe na udongo, upenu ni sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, mchirizi ni mahali maji ya paa yanapodondokea. Maneno hayo hayakubuniwa Mara, lakini vitu vyake vilikuwapo Mara kabla ya maneno kufika.

Kila sehemu ya nyumba hiyo ilikuwa na kazi kuhusu maji. Upenu mpana uliyatupa maji mbali na ukuta. Sakafu ya udongo ulioshindiliwa ilikuwa juu kidogo ya uwanja. Udongo wa ukutani, uliochanganywa na samadi ya ng’ombe, ulinyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Moshi wa jiko ulikausha nyasi za paa na kuwafukuza wadudu. Ukuta huo haukuzuia maji kabisa. Uliyapokea na kuyaachilia.

Ukarabati wake haukungoja nyumba iugue. Baada ya mavuno, wakati mvua imepungua, kuta zilikandikwa upya na sakafu ikasiribwa. Kwa desturi kazi ya nguzo na paa ilikuwa ya wanaume, na kazi ya kukandika na kusiriba ilikuwa ya wanawake. Mwanamke aliyeushika ukuta wake kwa viganja kila mwaka aliujua: alijua pembe inayobaki baridi mpaka adhuhuri, mahali udongo unapobanduka kwa kuguswa, na nguzo inayotoa mlio mtupu ikigongwa kwa sababu mchwa wameila. Huo ulikuwa uchunguzi wa nyumba kwa maana kamili, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Si haki kuipamba nyumba hiyo. Nguzo zilizosimikwa ardhini zilioza na kuliwa. Paa liliweza kuwaka. Moshi uliumiza macho na mapafu. Na baada ya miaka kadhaa jengo lote lilibomolewa na kujengwa upya. Lakini ilikuwa nyumba iliyokuwa na utaratibu wake wa kurekebishwa, na utaratibu huo ulieleweka kwa kila aliyeishi ndani yake.

4.0 Mawe na boma

Eneo hili halikukosa ujenzi wa mawe. Ng’ambo ya mpaka, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, ipo Thimlich Ohinga, makazi yenye kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, yanayokadiriwa kujengwa karne ya 16. Jamii mbalimbali ziliishi humo kwa zamu, kila moja ikitunza kuta ilizozikuta. Mwaka 2000 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya kimataifa ya majengo ya kale yaliyo hatarini, na baada ya kazi ya ukarabati pakatangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Siri ya kuta hizo ni upangaji: mawe ya uso wa nje na ya uso wa ndani hushikana na mawe ya katikati, na maji hupita kati yake bila kukutana na kizuizi. Adui wake mkubwa si mvua, bali mizizi ya miti na mtu au mnyama anayeangusha jiwe la juu. Likianguka moja bila kurudishwa, jirani yake hulegea.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga ngome katika nchi ya Waikoma, ijulikanayo mpaka leo kwa jina la Fort Ikoma. Kwa Kiswahili majengo ya namna hiyo yaliitwa maboma. Neno hili lenyewe lina historia ndefu. Boma lilikuwa ua wa miti au miiba wa kulinda watu na mifugo. Likawa ngome ya dola. Kisha likawa ofisi ya mkuu wa wilaya, hata pasipo na ukuta wowote wa kujihami. Huko Tarime na Serengeti maana hizo zimeishi pamoja: mzee aliweza kutoka bomani kwake asubuhi na kwenda bomani kulipa kodi.

Pamoja na boma ilikuja dhana mpya, kwamba jengo la maana ni lile lisilohitaji kuguswa kila mwaka. Kiswahili cha utawala kiliipa dhana hiyo jina la nyumba ya kudumu. Hapo ndipo nyumba ya udongo ilipoanza kuhesabiwa kuwa ya muda, hata kama familia ilikwisha kuishi juu ya kiwanja kilekile kwa vizazi vitatu.

5.0 Safari ya neno saruji

Maneno mengi ya nyumba ya kudumu yalitoka pwani, na pwani nayo iliyapokea kutoka ng’ambo ya bahari. Dirisha lina asili ya Kiajemi. Sakafu lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo lina maana ya paa au dari. Mgeuko huo unaeleweka mara mtu anapoikumbuka nyumba ya mawe ya Zanzibar au Lamu, ambamo paa la chokaa la chumba cha chini ndilo linalokanyagwa na wakazi wa ghorofa ya juu. Lipu, yaani tabaka linalopakwa juu ya ukuta, linakaribiana na kitenzi cha Kigujarati na Kihindi chenye maana ya kukandika, ambacho hutumika kwa udongo na samadi. Neno ambalo fundi wa Mugumu hulitumia leo kwa mchanga na simenti lilianza safari yake likiwa na maana ileile ya kazi ya mama mwenye nyumba.

Neno lenye funzo kubwa zaidi ni saruji. Nchini Oman, saruji ilikuwa kiungio cha kale kilichotengenezwa kwa udongo uliochomwa na kusagwa, kilichotumika katika ngome, mabirika na mifereji ya maji. Katika Kiswahili jina hilo limebaki, lakini kitu kimebadilika: saruji sasa ni ile simenti ya viwandani iliyovumbuliwa Uingereza karne ya 19. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuizalisha mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Jina moja likafunika vitu viwili visivyofanana kitabia.

Gharama ya kuvichanganya inaonekana Zanzibar. Kuta za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa. Chokaa ni laini, hupitisha mvuke, na hukubali ukuta usogee kidogo bila kupasuka vibaya. Palipopakwa simenti juu ya kuta hizo kama tiba ya unyevu, maji yalifungiwa ndani, chumvi ikasukumwa kwenye mawe, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zikaoza mahali zisipoonekana. Mamlaka ya kuhifadhi mji huo iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, lilibomoka sehemu mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ikaanguka na kuua mafundi wawili likiwa katika ukarabati. Majengo makubwa huanguka kwa sababu nyingi kwa pamoja, na hapa si mahali pa kuzipima. Linalotosha kusemwa ni kwamba jengo kongwe halina subira na tiba isiyolingana na mwili wake.

6.0 Vijiji, bati na lipu

Huko Mara simenti iliwafikia watu wa kawaida kwa njia nyingine. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini waishi katika vijiji. Katika utekelezaji wa uamuzi huo, familia za Tarime na Serengeti ziliacha miji yao iliyotawanyika na kujenga upya kwenye mistari iliyopimwa. Mabadiliko yalikuwa ya mahali na ya umbo pia. Nyumba ya duara ilipungua, nyumba ya pembe nne ikaenea. Tofali bichi, baadaye na la kuchoma, likachukua nafasi ya fito. Na kila aliyeweza akaweka bati badala ya nyasi.

Serikali nayo ilitambua tatizo la vifaa. Kitengo cha utafiti wa ujenzi kiliundwa mwaka 1971, na mwaka 2001 kikawa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, ambao umehimiza matofali ya udongo yanayofungamana na kuchanganywa na simenti kidogo tu. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huohuo, alipotathmini mwaka 1977 miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwalaumu watu waliokataa tofali la kuchoma na vigae wakisubiri bati na simenti, ambayo kwa macho yao ilikuwa udongo wa Ulaya. Lawama hiyo haikubadilisha mengi. Bati lilikuwa jepesi kusafirisha, halikuwaka kama nyasi, na liliwezesha kukinga maji ya mvua. Aliyelichagua hakuwa mjinga.

Kosa lilijificha mahali pengine. Bati lilikuja na upenu mfupi, kwa kuwa kila futi ililipiwa. Maji ya paa zima, yaliyokuwa yakichujwa na nyasi, yakaanza kumwagika kwa nguvu karibu na ukuta. Uwanja uliofagiliwa kila asubuhi ukazidi kushuka, msingi ukaachwa wazi. Ukuta wa tofali bichi ulipoanza kulika chini, tiba iliyopatikana dukani ilikuwa mfuko mmoja wa simenti. Ukapigwa lipu kwa nje, ukapakwa rangi, na kwa miaka miwili au mitatu ukapendeza.

Kilichofuata kinaeleweka. Udongo hufura na kunywea. Lipu ya simenti haifanyi hivyo. Nyufa nyembamba hutokea kati yake, maji ya mvua huingia, na jua lililokuwa likiukausha ukuta halina tena njia ya kuyatoa. Tofali bichi lililolowa hupoteza nguvu. Nyuma ya lipu iliyo imara, ukuta hugeuka tope, na mwenye nyumba hujua siku ukuta unapoanguka. Nyumba ya zamani ilionyesha ugonjwa wake mapema. Nyumba iliyopigwa lipu huuficha.

7.0 Kutambua kabla ya kutibu

Kiswahili cha kila siku hutumia neno unyevu kwa hali zote za ukuta uliolowa. Wanaochunguza nyumba hulazimika kuligawa, kwa sababu kila maji yana njia yake na alama zake.

Maji ya juu hutoka kwenye paa: msumari uliolegea, bati lililotoboka, au ukuta ambao kichwa chake hakikufunikwa. Alama zake hushuka kutoka juu, na huongezeka saa chache baada ya mvua. Maji ya ubavuni huingia kwenye ukuta unaopigwa na mvua ya upepo au kwenye ufa ulio karibu na dirisha. Doa lake huwa mahali pamoja. Maji ya chini hupandishwa na ukuta wenyewe kutoka ardhini, kama utambi unavyopandisha mafuta. Huonekana kama ukanda unaozunguka chumba, mara nyingi chini ya mita moja, wenye unga mweupe wa chumvi kwenye ukingo wake wa juu, na haukauki kabisa hata kiangazi. Aina ya nne ni mvuke wa ndani. Katika nyanda za juu za Tarime, usiku wa baridi, pumzi za watu na mvuke wa chungu hugusa bati lililopoa na kuwa matone. Asubuhi wakazi husema bati linavuja, ilhali halina tundu.

Jaribio rahisi hutenganisha mvuke wa ndani na unyevu wa ukuta. Kipande cha nailoni hubandikwa ukutani kwa gundi pande zote na kuachwa siku moja au mbili. Maji yakitokea upande unaotazama chumba, chanzo ni hewa ya ndani. Yakitokea upande unaogusa ukuta, chanzo kimo ukutani. Jaribio jingine ni la kugonga lipu kwa kifundo cha kidole. Sauti nzito ina maana kwamba imeshika. Sauti ya uwazi ina maana kwamba imeachana na tofali.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa mwembamba uliotapakaa kama utando wa buibui ni wa lipu peke yake. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha au mlango mara nyingi hutokana na kukosekana kwa lenta ya kutosha. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, mpana zaidi upande mmoja, hudokeza kwamba msingi umeshuka. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika, hasa penye mfinyanzi mweusi, hausababishwi na fundi mbaya tu. Ardhi yenyewe inapumua.

Kwa sababu hiyo, tofauti kubwa ni kati ya ufa unaotembea na ufa uliotulia. Hauwezi kujulikana kwa kutazamwa mara moja. Mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, pamoja na tarehe na kipimo cha upana, inatosha. Hupimwa tena baada ya kila msimu kwa mwaka mzima. Timazi hueleza kama ukuta umeinama, na pima maji hueleza kama sakafu imelala upande. Vifaa hivi viko katika mfuko wa kila mwashi, lakini kwa kawaida hutolewa wakati wa kujenga, si wakati wa kuchunguza.

Tiba hufuata mpangilio uleule. Maji huondolewa kwanza: paa huzibwa, upenu hurefushwa au mfereji wa bati huwekwa, ardhi huinamishwa kutoka ukutani, na mtaro huchimbwa mbali na msingi. Kisha lipu ya simenti iliyoachana na ukuta wa udongo hubanduliwa, hasa sehemu ya chini, na ukuta huachwa ukauke kwa msimu wa kiangazi. Tofali lililooza hutolewa na kubadilishwa kwa vipande vifupi, kimoja baada ya kingine. Anayechimba chini ya ukuta mzima kwa siku moja anauangusha kwa mikono yake. Ufa uliotulia hushonwa kwa tofali refu zinazovuka pande zote mbili. Mwishoni kabisa ndipo ukuta unapopakwa udongo wenye mchanga na samadi, au wenye chokaa, yaani kitu kilicho laini kuliko ukuta wenyewe. Upande wa juu, lenta inayozunguka nyumba yote huzifunga kuta ziwe kitu kimoja. Umuhimu wa kufunga kuta ulionekana ng’ambo ya pili ya Ziwa Viktoria, mkoani Kagera, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipobomoa nyumba nyingi za matofali ambazo kuta zake hazikufungwa.

8.0 Nani mwenye neno

Orodha hiyo ya tiba si ngeni. Sehemu yake kubwa, kukandika kwa kitu laini, kutupa maji mbali na kushughulikia ukuta kila mwaka, ilikuwa elimu ya wanawake wa eneo hili. Haikupotea kwa kuwa ilithibitishwa kuwa mbaya. Ilipotea kwa kuwa haikuwa na jina katika msamiati mpya. Anayepiga lipu anaitwa fundi na hulipwa. Anayekandika haitwi kitu. Katika maelezo ya makazi, ukuta wa udongo huwekwa upande wa upungufu, na uliofunikwa kwa simenti huwekwa upande wa maendeleo, bila kuuliza kilichomo nyuma ya simenti.

Nguvu ya maneno inaonekana wazi zaidi Nyamongo, wilayani Tarime, ambako uchimbaji mkubwa wa dhahabu ulianza mwaka 2002. Huko kitenzi cha Kiswahili kimezaa jina jipya: tegesha. Nyumba ya tegesha ni ile iliyoinuliwa haraka mahali panapotarajiwa kuchukuliwa na mgodi, ili mjengaji alipwe fidia. Haina msingi wa maana, kwa kuwa haikukusudiwa kukaliwa. Imetegwa kama mtego. Katika eneo hilohilo wapo wakazi wa muda mrefu wanaolalamika kwamba mitikisiko ya milipuko imepasua nyumba zao. Neno tegesha linapoenea, linaweza kuwafunika hata hao. Ufa katika nyumba ya mama aliyeishi hapo miaka 30 hutazamwa kwa shaka ileile inayostahili ukuta wa mwezi uliopita.

Hapo uchunguzi wa nyumba unakuwa jambo la haki. Ufa wa mtikisiko, ufa wa msingi ulioshuka na ufa wa mfinyanzi mweusi vyaweza kufanana siku ya kutazamwa. Vinatenganishwa na rekodi: ulikuwapo lini, ulikuwa na upana gani, uliongezeka wakati gani. Mwenye kuta zilizoandikwa tarehe ana ushahidi. Asiye nazo ana malalamiko tu, na anayepinga malalamiko yake hana cha kuthibitisha pia.

9.0 Hitimisho

Mwaka 1995, akizungumza na waandishi wa habari jijini Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere aliifananisha nchi na nyumba iliyoanza kuonyesha nyufa, akazitaja moja moja. Hakusema tu kwamba zipo na zizibwe. Alitaka kila ufa uitwe kwa jina lake. Mtu aliyekulia Butiama katika nyumba ya udongo alijua kwamba ufa ni habari kabla haujawa uharibifu.

Mhadhara huu umeonyesha kwamba nyumba kongwe za Tarime na Serengeti zimepita katika mikono ya misamiati mitatu: wa kiambaza, wa boma na wa saruji. Kila mmoja ulileta faida, na kila mmoja ulisahaulisha jambo. Kazi iliyobaki kwa wataalamu wa lugha ni ya wazi. Maneno ya Kikuria, Kiikoma, Kinata, Kiisenye na Kingoreme yanayohusu udongo, unyevu na kukandika yakusanywe kwa wanawake wazee waliokuwa wakiyatumia, kwa kuwa wengi wao ni wa kizazi kilichojenga kabla ya vijiji. Kamusi za ujenzi zitenganishe saruji ya kale na simenti, na zigawe unyevu kwa njia zake. Vyuo vya ufundi vifundishe kuchunguza kabla ya kufundisha kupaka.

Methali ya wahenga haina kosa. Iliachiwa watu waliokuwa wakiishika kuta yao kila mwaka, na kwao kuziba ufa kulikuwa hatua ya mwisho ya kuujua ukuta. Kwa wasioushika tena, methali hiyo yahitaji kusomwa kwa utulivu zaidi: penseli na tarehe kwanza, kisha maji, kisha udongo.